Gigahezi 3.2 za Luthuli Avenue

Mtu anayetaka kununua kompyuta ya mezani hapa Nairobi akinitafuta kwa ushauri, swali lake la kwanza ni lile lile: "Hii ni gigahezi ngapi?" Najua linakotoka. Ukipita Luthuli Avenue, au ukipanda ngazi za majengo ya Moi Avenue yaliyojaa maduka ya kompyuta, karatasi inayobandikwa kwenye kila mashine ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa hapa, huanza na namba hiyo. Core i5, 3.2. RAM 8. Diski 500. Halafu bei. Mnunuzi husimama katikati ya mashine mbili, moja ya 3.2 na nyingine ya 3.3, akaongeza elfu moja ili aondoke na ya pili. Huwa naumia nikiona hivyo. Elfu moja hiyo ingemfaa zaidi mahali pengine, na namba aliyoilipia ataiona kwenye mashine yake kwa nadra.

Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, haina kasi moja siku hizi. Chukua Core i5-6500, ambayo utaikuta kwenye ex-UK nyingi za bei ya wastani. Intel waliitoa mwaka 2015. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.2, yaani saa yake ya ndani inadunda mara bilioni 3.2 kila sekunde. Lakini ukiwa umetulia unasoma ukurasa wa habari, inashuka mpaka 0.8. Ukifungua faili kubwa inaruka kuelekea 3.6, na hiyo 3.6 ni pale kiini kimoja tu (core, sehemu ya chipu inayoweza kufanya kazi peke yake) kinapobeba kazi. Viini vyote vinne vikiingia kazini pamoja haifiki huko. Kupanda na kushuka huku hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ile 3.2 kwenye karatasi ni ahadi ya mtengenezaji kwamba ukiipa mashine kazi nzito mfululizo, ukaipa umeme wa kutosha na kuipoza inavyotakiwa, haitashuka chini ya hapo. Ahadi ina masharti, na masharti yenyewe hayaandikwi kwenye karatasi ya dukani.

Unaweza kujionea. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, ingia Performance, kisha bofya CPU. Utaona kasi ya msingi, ambayo haibadiliki, na kasi ya sasa hivi, ambayo haitulii. Iangalie kwa dakika moja huku ukifungua na kufunga vitu. Watu wengi niliowaonyesha hushtuka wakidhani mashine ina kasoro kwa kuwa inasoma 1.1 au 0.9. Haina kasoro. Inapumzika, na ndivyo inavyopaswa kufanya.

Sababu yake ni ya hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hutegemea hasa kasi na volti. Kasi ikiongezeka mara mbili, umeme nao huongezeka mara mbili. Volti ikiongezeka mara mbili, umeme huongezeka mara nne, kwa sababu kwenye hesabu hii volti inazidishwa kwa yenyewe. Na huwezi kupandisha kasi sana bila kupandisha volti pia. Tuseme prosesa iko gigahezi 3.6 kwa volti 1.2, ukaishusha hadi 3.2 kwa volti 1.0. Umepoteza asilimia 11 ya kasi, lakini umeme umepungua kwa karibu asilimia 38. Hatua chache za mwisho za kasi ndizo ghali kuliko zote, na kila wati inayoingia mle inatoka ikiwa joto.

Hesabu hii ndiyo iliyoua mbio za gigahezi zenyewe. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia prosesa ya megahezi 4.77. Machi 2000, AMD wakawa wa kwanza kuuza prosesa ya kompyuta za kawaida iliyofika gigahezi 1, Intel wakafuata siku chache baadaye. Kila mtu aliamini namba itaendelea kupanda hivyo hivyo. Mwishoni mwa 2004 Pentium 4 ilifika 3.8 huku ikiwa imepimwa kwa wati 115, na ile ya 4 iliyokuwa imeahidiwa ikafutwa. Craig Barrett, mkuu wa Intel wakati huo, alipiga magoti jukwaani mbele ya hadhira akiomba radhi. Mwaka 2006 kampuni hiyo hiyo ikatoa Core 2 Duo E6600 ya gigahezi 2.4, na ikaiacha mbali ile Pentium ya 3.8, kwa sababu ilifanya kazi nyingi zaidi katika kila mdundo na ilikuwa na viini viwili. Kwa hiyo hata huko zilikozaliwa, hizi namba zilishaacha kulinganishwa hivi hivi tangu 2006. Kwenye vioo vya maduka yetu bado zinalinganishwa.

Sasa tuje kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, maana hapo ndipo ushauri mbaya umejaa. Kuna mipango mitatu ya zamani: Power saver, Balanced na High performance. Mafundi wengi, wakimaliza kukuwekea Windows, huchagua High performance kama zawadi. "Nimekuwekea ikimbie, boss." Nia yao ni njema. Lakini angalia kinachobadilika ndani yake. Balanced inairuhusu prosesa kushuka hadi asilimia 5 na kupanda hadi asilimia 100. High performance inaiambia isishuke chini ya 100. Kikomo cha juu ni kile kile. Hakuna hata megahezi moja iliyoongezwa. Kilichoondolewa ni ruhusa ya kushuka. Kwenye prosesa za kuanzia kizazi cha 2015 hivi, chipu yenyewe inaweza kuchagua kasi bila kusubiri Windows, kwa hiyo hata ule ucheleweshaji mdogo wa kupanda ambao zamani ungeusikia haupo tena kwa kazi za ofisini. Mwaka 2018 Microsoft wakaongeza mpango mwingine, Ultimate Performance, uliokusudiwa mashine kubwa za kitaalamu. Leo kuna video tele zinazofundisha kuufungua kwenye kompyuta yoyote. Kwa mtu anayeandika barua, kujaza fomu na kuchapisha, haumwongezei kitu.

Balanced ni sawa na mama wa kibanda cha chapati anayefukia makaa majivuni saa nne asubuhi na kuyachochea saa saba wateja wa mchana wakifika. Chapati za saa saba hazichelewi hata kidogo kwa sababu saa nne moto ulikuwa chini.

Niseme pia kwamba High performance haichomi umeme kama wengine wanavyoogopa. Viini visipokuwa na kazi vinalala usingizi wa ndani hata kama kasi imefungwa juu, na tofauti kwa mashine iliyokaa bure mara nyingi ni wati chache tu. Kwa hiyo usigombane na fundi wako. Rudisha Balanced, uendelee na shughuli zako.

Kinachonikera ni kwamba gumzo lote hili la mipango huficha sababu za kweli za mashine kuwa nzito. Kuna dada ana saiba ndogo, duka la intaneti, huko Kawangware: mashine chache, printa moja, na kuanzia asubuhi watu wa eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na wa KRA (mamlaka ya kodi) wanapanga foleni mpaka nje. Mashine yake mojawapo ni ile aina ya kisanduku kidogo kinachofungwa nyuma ya skrini na kutumia adapta ya nje kama laptopu. Alinipigia simu: "Kaka, ukipata nafasi pitia uniangalizie hii mashine. Ukurasa unafunguka mteja ameshakasirika."

Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia prosesa imezeeka, anunue nyingine. Wa pili alifuta kila kitu, akaweka Windows upya, na bila shaka akachagua High performance. Hali ikabaki vile vile.

Nilipofungua Task Manager, kasi ilisoma 0.79. Nikafungua kurasa kadhaa kwa mpigo ili ihangaike. Matumizi yakapanda mpaka asilimia 100. Kasi ikabaki 0.79. Nikasubiri. 0.79. Mashine iliyozeeka haifanyi hivyo. Ingepanda, ikafika kikomo chake, ikachelewa. Kasi isiyosogea kabisa wakati kazi imejaa maana yake ni kwamba kuna kitu kimeishika.

"Dada, hii adapta ilikuja na mashine?"

"Hapana, ile ilikufa siku stima iliporudi kwa kishindo. Hii nilinunua tu huku mtaani. Walipima wakasema volti ni sawa."

Na kweli volti zilikuwa sawa, 19.5, zimeandikwa mgongoni. Shida ilikuwa kwenye kichwa cha waya. Ukikitazama kwa karibu utaona pini nyembamba katikati, nyembamba kama sindano ya kushonea. Kwenye kompyuta za aina hii, pini hiyo haipitishi umeme wa kazi. Inapitisha taarifa: kupitia kwayo adapta huieleza mashine kwamba ni ya wati 65, au 90, au 130. Mashine isipopata taarifa hiyo haikatai kuwaka. Inawaka, kisha inaifunga prosesa kwenye kasi ya chini kabisa ili isije ikavuta umeme kuliko adapta isiyojulikana inavyoweza kutoa. Ni tahadhari ya busara. Nilipoizima na kuiwasha, skrini ilileta onyo fupi la maandishi meupe kuhusu adapta, likingoja mtu abonyeze kitufe. Kijana anayefungua saiba asubuhi alikuwa akilibonyeza na kuliruka kila siku, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia ni la maana.

Ilichukua muda kuipata adapta halisi iliyotumika, ya wati zinazotakiwa. Prosesa ilikuwa i5-6500T, ndugu ya ile niliyoitaja juu lakini ya wati 35: msingi 2.5, kilele 3.1. Tulipochomeka adapta, namba ikatoka 0.79 ikaenda 2.9 tukiwa tunaitazama. Dada akaguna. "Kumbe ilikuwa inanyimwa tu."

Prosesa yenyewe ilikuwa nzima siku zote hizo, ile ile iliyokuwa imehukumiwa uzee.

Mshiko wa pili ni joto, na huu ndio unaozikumba zaidi ex-UK za sanduku la kawaida. Mashine imekaa ofisini Uingereza miaka mitano au sita, ikasafiri kwenye kontena, ikafika hapa na pesti ya joto iliyokauka ikawa kama chokaa kati ya prosesa na kile kipande cha alumini kinachofyonza joto. Kisha ikaanza kuvuta vumbi letu jekundu. Prosesa nyingi za Intel hujibana zenyewe zikikaribia nyuzi 100: zinashusha kasi ili zisiungue, bila onyo lolote kwenye skrini. Utakachoona wewe ni mashine iliyo nyepesi saa tatu asubuhi na nzito saa nane mchana, hasa kama duka lina paa la mabati. Programu ya bure kama HWiNFO itakuonyesha joto la kila kiini na kukuambia kama prosesa inajibana.

Halafu kuna jambo la Nairobi lenyewe ambalo sijawahi kusikia muuzaji akilitaja. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kwa sita, na feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi, kwa hiyo inabeba joto kidogo zaidi. Watengenezaji wanalijua hili. Hati za kompyuta za mezani za HP zinaeleza kwamba kiwango cha juu cha joto la chumba kinachoruhusiwa hupungua nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Bahati yetu ni kwamba baridi yetu hufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Julai mashine za Nairobi hupumua vizuri kuliko za Pwani. Lakini kwenye chumba kisicho na dirisha, mashine sita na watu kumi ndani, baridi ya Julai haikufikii. Kupuliza vumbi na kubadilisha pesti ni kazi ya shilingi mia kadhaa, na naiweka mbele ya mpangilio wowote wa Windows.

Tuzungumze kuhusu bili, kwa sababu wenye saiba huniuliza hilo kuliko lolote. Tuseme uniti moja ya tokeni (wati 1,000 kwa saa moja), ukijumlisha makato yote, inakufikia kwa kama shilingi 30. Mashine moja ya zamani ikiwa wazi bila kazi pamoja na skrini yake inakula, tuseme, wati 45. Iache ikiwaka usiku kucha, saa 14, na umetumia uniti 0.63. Kwa mwezi ni karibu uniti 19, zaidi ya shilingi 560, na hakuna aliyeigusa. Mashine sita ni zaidi ya 3,300. Ukiilaza kwa Sleep inabaki kwenye wati chache tu, na ukiizima kabisa ni chini ya hapo. Hiyo ndiyo pesa iliyomo kwenye mipangilio ya umeme. Iko kwenye mstari mdogo unaouliza mashine ilale baada ya dakika ngapi, ambao wengi wameuweka Never kwa sababu wamechoka kuandika nywila upya. Weka dakika 20 na uondoe sharti la nywila ikiamka, kama mahali penyewe ni salama. Skrini zizime baada ya 5.

Kuna mpangilio mmoja wa prosesa ninaoupenda kweli na sielewi kwa nini hautajwi zaidi. Kwenye mipangilio ya kina ya mpango wa umeme, chini ya sehemu ya prosesa, kuna kikomo cha juu, nacho kimewekwa 100. Kishushe kiwe 99. Kwa kawaida hatua hiyo moja huzima Turbo Boost, ule uwezo wa kuruka juu ya kasi ya msingi, na i5-6500 yako haitapita 3.2 tena. Rudi kwenye ile hesabu ya volti uone ulichookoa: joto limeshuka, feni imetulia, na kazi za ofisini hazijabadilika kwa namna unayoweza kuihisi. Mimi hufanya hivi stima ikipotea na mashine imebaki kwenye UPS (betri ya akiba), maana dakika chache za ziada zinatosha kuhifadhi kazi ya watu na kufunga vizuri. Hufanya hivyo pia nikirekodi sauti, feni isisikike. Anayehariri video aiache 100. Yeye anaihitaji ile sehemu ghali. Wanaotumia Ubuntu watapata kitu cha aina hiyo kwenye menyu ya umeme, au kwa kuchagua gavana (governor, kanuni inayoamua kasi ya prosesa) ya powersave au performance.

Moja la mwisho kuhusu stima. Ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, kuna mpangilio unaoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudi hali iliyokuwa nayo. Hapa kwetu napendekeza ibaki imezimwa. Stima mara nyingi hurudi, ikakatika, ikarudi tena ndani ya dakika moja, na mashine inayojiwasha inapigwa na misukosuko yote hiyo. Lakini mpangilio huo unategemea betri ndogo ya duara iliyoko ndani, CR2032, na kwenye ex-UK nyingi betri hiyo imekwisha. Ikiisha, kila ukichomoa mashine ukutani mipangilio ya BIOS inaweza kupotea, na tarehe inarudi nyuma miaka. Tarehe ikikosea, kivinjari kinakataa kufungua tovuti salama (za https) kikidai cheti si sahihi, na mteja anaambiwa "system iko down" wakati system iko sawa. Betri hiyo ni ya bei ndogo sana, na kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili.

Basi ukienda Luthuli wiki hii, acha kuuliza gigahezi. Uliza ni prosesa gani kwa jina kamili, maana i5 ya mwaka 2012 na i5 ya 2015 zote zinaweza kuandikwa 3.2 na hazilingani. Ile elfu moja ya kuongezea namba iweke kwenye SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka. Hakuna badiliko lingine utakalolihisi haraka hivyo. Kisha mwombe muuzaji awashe mashine, ufungue Task Manager, na uipe kazi: video mbili za YouTube kwa ubora wa juu, na kurasa nyingi kwa pamoja. Usitazame kasi inayofika mwanzoni. Tazama iko wapi baada ya dakika 10, mashine ikiwa imepata joto. Kama bado iko juu ya kasi yake ya msingi, prosesa inapata umeme na inapozwa. Kama imeporomoka hadi 2 au 1 huku matumizi yakiwa asilimia 100, mwambie aifungue mbele yako, apulize vumbi, aweke pesti mpya, halafu muipime tena kabla hujatuma pesa.